Mkasi gani wa kupogolea miwaridi kwa mwenye mkono mdogo?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nadhani waliosema hivyo walikuwa na mikono ya kutosha. Mimi shibiri yangu, nikitanua kidole gumba na cha mwisho mpaka viume, ni sentimita 17. Futuri, yaani kutoka kidole gumba hadi cha shahada, haifiki 14. Glavu ndogo kuliko zote dukani bado huniachia ncha tupu kwenye kila kidole, kana kwamba nimeazima za kaka yangu. Kwa hiyo mkasi wa kupogolea nachagua, tena nachagua na rula mkononi.

Miaka mitatu nilikuwa mvunaji kwenye shamba moja la mawaridi upande wa Usa River, nje kidogo ya Arusha. Stoo walikuwa na aina moja ya mkasi kwa watu wote: unasaini daftari, unapewa, unaingia grinihausi. Waridi la kuuza huvunwa walau mara mbili kwa siku, maana ua likishafunguka kupita kiasi halina soko tena, na kila shina ni mkato mmoja. Mkasi wenyewe ulikuwa mzuri, ulikata kama wembe. Shida yake ilikuwa pale unapofunguka: mpini wa chini ulikwenda mbali hata nikawa naudaka kwa ncha za vidole, na ncha za vidole hazina nguvu. Kufika saa nne asubuhi mkono ulikuwa unatetemeka. Jioni nilimpa mtoto anifungulie chupa ya maji. Msimamizi alisema nitazoea.

Sikuzoea. Aliyenisaidia ni mama mmoja wa makamo tuliyekuwa tunavuna naye mstari mmoja. Alikata utepe wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha mara mbili mkiani mwa mpini mmoja na kuukaza, kisha akatengeneza kitanzi kilicholegea upande wa mpini wa pili. Mkasi ukawa unafunga kama kawaida, lakini ukifunguka unaishia nusu njia. Shina la waridi la kuvuna lina unene wa penseli tu, na mdomo wa mkasi ule umetengenezwa kukata tawi la milimita 25. Nusu yote ya ufungukaji ilikuwa bure, na mimi ndiye niliyekuwa nailipia kwa vidole. Siku ile nilimaliza zamu bila kutetemeka. Ukitoka na jambo moja tu hapa, toka na utepe huo wa tyubu, hasa kama tayari una mkasi mzuri unaokuzidi mkono na huna hela ya mwingine.

Sasa nina miwaridi arobaini na kitu uani, mingine ya kupanda ukutani, mingine vichaka vya kawaida, na nimeshika mikasi mingi: ya kununua, ya kuazima, ya zawadi. Haya ndiyo niliyoyaona.

Urefu unadanganya, pima mwanya

Mtu akiambiwa "mkasi mdogo" huangalia urefu. Urefu una kazi yake, lakini kinachouchosha mkono mdogo ni mwanya, yaani umbali kati ya mipini miwili mkasi ukiwa wazi kabisa, ukipimia pale vidole vya katikati vinapokaa. Mwaka 2004 NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, pamoja na wenzao wa jimbo la California walitoa mwongozo wa kuchagua zana za mkono zisizotumia umeme. Kwa zana ya mipini miwili inayohitaji nguvu, walishauri mwanya usizidi inchi 3.5 ikiwa wazi, karibu sentimita 9, na usipungue inchi 2 ikiwa imefungwa, kama sentimita 5. Mimi kwenye 9 naanza kutafuta mpini kwa kucha. Kati ya 7 na 8 ndipo ninapokata huku nawaza mengine.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Kunja mkono kana kwamba umeshika bilauri, kisha pima kutoka pale kidole gumba kinapoachana na cha shahada hadi kiungo cha kati cha kidole cha katikati. Mkasi ukiwa wazi wote, mpini wa chini ulale kwenye kiungo hicho au ndani yake zaidi. Ukilala kwenye kiungo cha mwisho, karibu na kucha, urudishe kabatini hata kama muuzaji anakuapia.

Usikimbilie nao ufupi kupita kiasi. Mpini mfupi kuliko upana wa kiganja unaishia katikati ya nyama ya mkono, na kila ukibana unachoma palepale. Mikasi mingi midogo ya seti, ile inayokuja na kijiko cha udongo na reki ndogo kwenye mfuko wa maua-maua, ina kasoro hiyo. Inapendeza kwa zawadi. Baada ya miwaridi mitano utaona alama nyekundu ya mviringo kwenye kiganja.

Halafu kuna springi, ambayo watu hawaiulizi. Springi kali inafungua mkasi haraka, na wenye mikono mikubwa huipenda. Lakini kila unapokata unaishinda kwanza springi ndipo ulishinde tawi. Bana mkasi hewani mara thelathini mfululizo. Kama mkono umechoka na hujakata kitu, umepata jibu.

Wa kupishana au wa fuawe

Hapa sitakawia. Mkasi wa kupishana una bapa moja kali linalopita kando ya ndoano butu, kama mkasi wa nguo. Mkasi wa fuawe una bapa moja linaloshuka juu ya kitako bapa cha chuma au plastiki, kama kisu juu ya kibao cha kukatia mboga. Wa fuawe hudai nguvu kidogo kwa mti mkavu, ndiyo maana wenye mikono dhaifu hushauriwa kuununua. Kwa waridi bichi unaponda shina: ganda linachubuka, kidonda kinachelewa kufunga, na shina linaanza kukauka kutoka juu kushuka. Kwa waridi chukua wa kupishana. Ukiwa na wa fuawe, uweke kwa ajili ya matawi yaliyokufa.

Na mkasi wa kupishana una upande. Bapa kali lielekee sehemu ya tawi inayobaki mtini, ndoano ielekee kipande kinachoanguka, kwa sababu ndoano ndiyo inayobonyeza ganda. Mkato uwe nusu sentimita hivi juu ya jicho, yaani pale chipukizi linapotokea, linalotazama nje ya kichaka, ukiinama kidogo ili maji yasitiririkie kwenye jicho. Mtu wa mkono wa kushoto akitumia mkasi wa kulia analazimika kupinda kifundo cha mkono ili bapa likae upande unaotakiwa, na kifundo kilichopinda kinapoteza nguvu. Kama una mkono mdogo na ni wa kushoto, umepata mitihani miwili kwa mpigo, nitakurudia.

Felco 2 na Felco 6

Felco ni kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1945 na Félix Flisch, na Felco 2, iliyotoka mwaka 1948, ndiyo ambayo mikasi mingine mingi ya mipini myekundu duniani inaiiga. Ukiuliza mkulima yeyote wa maua mkasi bora ni upi, atakutajia hiyo. Kwa mkono wa wastani hana kosa. Kwa mkono wangu, ndiyo ile ya kufungiwa tyubu.

Felco 6 ni mdogo wake, umetengenezwa kwa mikono midogo. Niweke namba kando kwa kando, pamoja na miwili yenye mpini unaozunguka:

| Mkasi | Urefu | Uzito | Mpini |
|---|---|---|---|
| Felco 2 | mm 215 | g 240 | wa kawaida |
| Felco 6 | mm 195 | g 210 | wa kawaida |
| Felco 7 | mm 210 | g 290 | unaozunguka |
| Felco 12 | mm 200 | g 265 | unaozunguka |

Milimita 20 za urefu kati ya 2 na 6 zinaonekana si kitu. Mkononi ni tofauti ya kuushika mpini na kuufukuzia. Gramu 30 nazo ni kama uzito wa vijiko viwili vikubwa vya sukari, na ukiinua mkono juu ya mwaridi wa ukutani mara mia mbili unavihisi vyote viwili. Unachopoteza ni unene wa tawi: Felco 2 hukata hadi milimita 25, Felco 6 hadi 20. Kwenye waridi hasara hiyo ni ya karatasi tu. Tawi la milimita 25 kwa mkono kama wangu silikati kwa mkasi wowote wa mkono mmoja, liwe ndani ya uwezo wa mkasi au nje.

Kinachonipendeza zaidi kwenye 6 ni pua yake nyembamba. Mwaridi wa miaka mitano una matawi yaliyobanana karibu na kitako, na lile unalotaka kulitoa kwa kawaida limejificha nyuma ya lile unalotaka kulibakiza. Pua nyembamba inaingia kati yao bila kuchubua jirani.

Angalizo kuhusu vipuri. Kila kipande cha Felco kinabadilishwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei yake. Bapa la Felco 2 lina namba 2/3. La Felco 6, na la 12 pia, ni 6/3. Haviingiliani. Huku kwetu kipuri cha 2 ndicho rahisi kupatikana kwa sababu mashamba yanaitumia, kwa hiyo ukinunua 6 agiza na bapa lake la akiba siku hiyohiyo, pamoja na springi, ambayo ndiyo huruka na kupotelea kwenye majani.

Bahco

Bahco, chapa yenye asili ya Sweden, walifanya jambo ambalo naona kila mtengenezaji angepaswa kulifanya: kwenye mikasi yao ya PX wametenganisha saizi ya mkono na saizi ya mdomo. Herufi S, M au L ni ya mpini. Namba inayofuata, 1, 2 au 3, ni ya mdomo. Kwa hiyo PX-S2 ni mpini mdogo wenye mdomo wa kati, na PX-S1 ni mpini mdogo wenye mdomo mdogo. Mwenye mkono mdogo halazimiki kukubali mdomo wa kukatia maua ya mezani tu.

Niliazima S2 ya jirani kwa mwezi mzima. Mpini wa juu umefunikwa mpira laini na umepinda kufuata kiganja, hivyo kifundo cha mkono kinabaki kimenyooka hata unapokata chini karibu na udongo. Mwenye maumivu ya kifundo ataipenda kabla ya kumaliza mwaridi wa kwanza. Kasoro niliyoiona ni unene: mpini uliofunikwa mpira unajaza mkono, na mwenye vidole vifupi vilivyo vinene anaweza kuona umemjaa kupita kiasi. Vidole vyangu ni vifupi na vyembamba, haikunisumbua. Jirani alipoudai nilimrudishia siku ya pili yake, si siku ileile.

Wajapani: Okatsune na ARS

Ukali wa Okatsune unatisha. Wa 101 una milimita 180, mfupi kuliko Felco 6, mipini mmoja mwekundu na mwingine mweupe, hivyo ukiuacha kwenye majani unauona. Kwa karatasi ungesema huu ndio wa mikono midogo. Lakini hapo ndipo urefu unapodanganya kuliko popote: mkononi mwangu mipini yake inafunguka sana, ni laini haina pa kuzuia kidole kisiteleze, na mkono wenye jasho unauona. Kifungio chake ni kipete cha waya mkiani, ambacho ni rahisi kukielewa na hakiharibiki, ila kukifungua kunataka mkono wa pili. Mwenye vidole virefu na kiganja chembamba ataupenda huo kuliko yote niliyoitaja. Mimi naukubali kwa kukata, naukataa kwa kushika.

ARS, wanaotoka Sakai karibu na Osaka, mji wa wahunzi wa visu tangu zamani, wana mfululizo wa VS. Wa 7 ni wa inchi 7, yaani milimita 180. Mabapa yamepakwa kromu ngumu, kwa hiyo utomvu haugandi sana na kutu inachelewa. Unaufungua kwa kuubana tu, kifungio kinaachia chenyewe, na hilo ni kubwa kuliko linavyosikika: mkono wa pili umeshika tawi lenye miiba, hutaki kuuachia ili kugusa kifungio. Kati ya Wajapani wawili, kwa mkono mdogo nachagua ARS.

Wa sokoni

Tusijidanganye kuhusu bei. Yote niliyoitaja ni makumi ya dola kabla ya usafiri na ushuru, na wengi wetu tunaanza na wa sokoni. Mimi niliununua wangu wa kwanza kwa shilingi 18,000, mipini myekundu, umeandikwa jina linalofanana na la Uswisi kwa herufi moja pungufu.

"Dada, ukishafungua plastiki umenunua," muuzaji aliniambia.

"Na wewe kaka, viatu unanunua bila kuvaa?"

Alicheka, lakini plastiki haikufunguliwa. Nililipa, nikaufungulia nyumbani. Wiki ya pili nati ya katikati ililegea, mabapa yakaanza kuachana, na kila mkato ukaacha uzi wa ganda unaning'inia, ikabidi nivute. Ukivuta, ganda linachanika kushuka hadi chini ya jicho, na jicho hilo limekwenda. Mwezi wa pili kifungio kililegea, mkasi ukajifunga wenyewe wakati naubadilisha mkono, mipini ikanibana ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Lengelenge la damu lilikaa wiki nzima.

Lakini si kila wa sokoni uko hivyo, na muuzaji mwingine atakuruhusu. Nenda na karatasi ya kawaida na kitawi kibichi kwenye mkoba. Kata karatasi kwa ncha ya mkasi: ikikatika safi mabapa yanagusana, ikikunjika katikati yao pana uwazi, acha. Kata kitawi, tazama ganda pande zote mbili za mkato. Tikisa mkasi uliofunguka. Ukilialia kwenye kiungo, nati ni mbovu au haikazwi. Angalia kama nati hiyo inaweza kukazwa kwa spana au imegongomewa moja kwa moja. Iliyogongomewa ikilegea haina dawa. Kisha fanya kipimo cha mwanya, ukiwa umevaa glavu utakayofanyia kazi, kwa sababu glavu nene ya ngozi hula nafasi ya vidole. Mimi siku hizi navaa glavu nene mkono wa kushoto unaoshika miiba, na nyembamba ya kitambaa mkono unaokata.

Wa sokoni uliopita mitihani hiyo, ukanolewa vizuri na kufungwa utepe wa tyubu, utanishinda mimi kuukataa. Mkasi wa bei mbaya usionolewa ni adui mkubwa wa mkono mdogo kuliko mkasi wa bei rahisi wenye makali. Mwenye mkono mkubwa mkasi ukiwa butu anaongeza nguvu na haoni. Sisi hatuna nguvu ya kuongeza. Noa upande mmoja tu, ule wenye mshazari, upande bapa uguse kidogo kuondoa vijichuma vilivyojikunja ukingoni. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo linatosha.

Mpini unaozunguka

Felco 7 na 12 zina mpini wa chini unaojizungusha wenyewe kadiri vidole vinavyokunjwa, ili visisuguliwe. Kwa mtu anayekata siku nzima ni neema, malengelenge hupungua kweli. Kwa mkono mdogo nina mashaka mawili. Mpini huo ni mnene kuliko wa kawaida, na uzito umeongezeka: Felco 12, iliyotengenezwa kwa mikono midogo, ni nzito kuliko Felco 2. Siku mbili za kwanza pia utaona mkasi unakukimbia mkononi, kama unamshika samaki. Ukizoea utaupenda. Kwa miwaridi kumi ya uani sioni haja. Kwa miwaridi mia, au kwa mwenye vidole vinavyouma asubuhi, tafuta 12 uishike kabla hujalipa.

Fiskars wa Finland nao wana PowerGear, ambapo mpini unazunguka na ndani mna meno ya gia ya kuongeza nguvu. Inafanya inachoahidi. Nilioushika mimi ulikuwa na umbo nene na mwanya mpana kwangu, basi nikauacha.

Mkasi mmoja usipewe kazi tatu

Maelezo mengi ya mikasi yanaandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako mwaridi hulala majira ya baridi na hupogolewa kwa nguvu mara moja kabla ya kuchipua. Mtu wa huko anataka mkasi wa kumaliza kazi nzito ya siku chache. Nyanda za juu za huku, kuanzia Naivasha na Limuru hadi Arusha na Lushoto, mwaridi haulali. Ukikata leo, baada ya wiki sita hadi nane una ua jingine. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kukata kidogo kidogo kila wiki mwaka mzima: ua lililonyauka, shina la chombo, kijiti kilichopinda. Kwa kazi hiyo wepesi una thamani kuliko uwezo.

Ndiyo maana mkasi ninaoutumia siku nyingi kuliko wote si hata mmoja wa hao niliowaeleza. Ni kimkasi cha kuvunia, mabapa membamba yaliyonyooka, cha aina ya Felco 310 au ya wale wanaotumia kukatia vishada vya zabibu. Mwanya wake ni mdogo, springi yake ni laini, na kinaingia mfuko wa aproni. Maua yaliyonyauka yote na mashina ya penseli kushuka chini ni kazi yake. Mkasi wa kupogolea hutoka kwa matawi ya unene wa kidole. Likizidi kidole gumba, nachukua msumeno mdogo wa kukunja, ambao unakata kwa kuvuta mkono na bega wala vidole havihusiki. Kimkasi, mkasi, msumeno: vitatu hivyo kwa pamoja vinaweza kukugharimu sawa na mkasi mmoja mkubwa wa sifa, na mkono hautajua kama umefanya kazi.

Binamu yangu aliyeko Muscat alinicheka niliposimulia haya. Kule Jabal Akhdar, anasema, mawaridi ya marashi huchumwa kwa vidole vitupu alfajiri, kuanzia Machi hivi hadi Mei, hakuna mkasi. Nikamwambia wao wanataka petali tu, wakazichemshe. Mimi nataka shina lenye ua, na mti unaobaki mzima.

Mbinu mbili za kuupunguzia mkono kazi, uwe na mkasi wowote. Sukuma tawi ndani kabisa ya mdomo, karibu na kiungo, usikate kwa ncha. Huko ndani nguvu ileile inafanya kazi kubwa zaidi. Na kwa mkono wa pili lipinde tawi taratibu kuelekea upande wa kuanguka, mkato ufunguke wenyewe. Ukizidisha litachanika, kwa hiyo ni kuegemeza tu. Baada ya kila mwaridi wenye dalili za ugonjwa futa mabapa kwa spiriti ya asilimia 70. Uvimbe wa mizizi na shina, ule unaoletwa na bakteria wa Agrobacterium, hupita kwa zana kutoka mti hadi mti. Dawa ya kung'arishia nguo inaua vijidudu pia, lakini inakula chuma, na Felco iliyooga humo mwaka mmoja utaihurumia.

Kwa watu wa mkono wa kushoto niliowaahidi: Felco 9 ni ya kushoto ila ni ya mkono wa wastani. Waulize Felco 16, ya kushoto kwa mikono midogo, na 17 kama mnataka mpini unaozunguka. Usikubali kuambiwa kwamba mkasi fulani "unafaa mikono yote miwili" kabla hujaona bapa kali liko upande gani.

Mwezi uliopita shangazi alikuja kutoka Lushoto. Vidole vyake vina baridi yabisi, na miwaridi yake imekuwa misitu kwa sababu hawezi kubana. Nikampangia mezani kila nilichonacho na nilichoweza kuazima, mpaka mkasi wa hatua hatua wa jirani mwingine, ule unaokata kama jeki ya gari: unabana, unaachia, unashika tena mbele kidogo, mpaka tawi linakatika. Nilikuwa na hakika atachukua huo.

"Shangazi, jaribu na huu wa hatua."

"Huu, mwanangu, mpaka umalize kukata ua moja chai imepoa."

Akaushika Felco 6, akakata, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauweka chini. Kisha akachukua kimkasi cha kuvunia, akatoka nacho uani bila kusema neno. Nusu saa baadaye alikuwa amemaliza safu nzima ya ukutani, maua makavu yamejaa kwenye kanga. Matawi manene aliyaacha, akasema ya msumeno atamwachia mjukuu. Kimkasi kimekwenda naye Lushoto. Mimi nimeagiza kingine, na safari hii nimeagiza viwili.